Pete ya Gyges juu ya paa

Kwenye Jamhuri ya Plato, Glaucon anasimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Swali lake linakera: ukijua hakuna atakayekuona, bado utatenda haki? Wengi tunaisoma kama ngano. Mimi nadhani kuna mafundi wanaoivaa pete hiyo kila siku kazini.

Chukua paa bapa za Marekani, zile za maghala na shule. Lami inayeyushwa kwenye pipa chini, inapandishwa juu, inapakwa kwa dekio, kisha karatasi nzito ya felti inakunjuliwa juu yake ikiwa bado ya moto. Hivyo hivyo mara tatu, mara nne. Mwisho, kokoto. Lami inapokutana na felti iwe na zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, na kuna nafasi ya kupanda au kushuka kwa nyuzi kama 14 tu. Ikipoa, inakaa nene na haishiki vizuri. Ikizidi moto, inakuwa nyepesi mno na kuacha utando tu. Kokoto zikishamwagwa, nani atajua? Paa litakapokuja kuvuja, fundi keshahama mji.

Jibu la haraka: fundi awe mwaminifu. Sawa, ila tusiishie hapo. Lami inapoa njiani kabla ya kufika kwenye dekio. Njia ya bei nafuu ya kuifikisha na moto wake ni kuzidisha moto wa pipa. Moto ukizidi, moshi nao unazidi. Mwaka 2011, IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, iliuweka moshi wa lami ya kuezekea katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Yaani paa zima lisilovuja linaweza kugharamiwa na mapafu ya kijana anayesimama kando ya pipa. Njia nyingine zipo: mabomba yanayotunza joto, pipa kusogezwa karibu, kifuniko kufungwa. Baadhi yake zinataka pesa.

Hapo Glaucon ananitosheleza nusu tu. Yeye anamuuliza aliyeshika kazi. Vipi mwenye jengo, aliyechagua bei ya chini kabisa bila kuuliza imepunguzwa wapi? Kwenye moshi ule haonekani. Naye kavaa pete.

Tunasema rahisi ni ghali, tukimaanisha utakuja kulipa mara mbili. Hapa ni vibaya zaidi, maana anayelipa mara ya pili ni mtu mwingine.