Urithi wa Nani?

Bibury ni kijiji cha Uingereza kando ya mto Coln. Nyumba zake za mawe, Arlington Row, zilianza kama ghala la sufu mnamo 1380 hivi. Karne ya 17 likageuzwa makao ya wafumaji. Vitambaa vyao vilianikwa Rack Isle, hapo mbele tu. Leo ni mali ya National Trust, na watalii hawaishi kupiga picha.

Ni pazuri, sikatai. Ila najiuliza: mbona nyumba ya maskini inaitwa urithi maskini akishaondoka? Sisemi zibomolewe. Nasema tukihifadhi ukuta, tuhifadhi pia habari za aliyeishi ndani: alifanya kazi gani, na nani alifaidika. Bila hiyo, tunasifu mawe tu.