Mgomba wa Mwitu Una Thamani Gani?

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tumelelewa kwa ndizi. Kwa hiyo nawaomba tufikiri pamoja juu ya swali hili: je, ni haki mtu kukitokomeza kitu kwa sababu tu haoni faida yake?

Huko Asia, migomba ilikoanzia, iko migomba ya mwitu. Matunda yake ni madogo, yamejaa mbegu ngumu, wala hakuna wa kuyapika. Yetu haina mbegu. Twaipanda kwa machipukizi, na kila chipukizi hufanana na mama yake. Ndiyo sababu ugonjwa ukiushinda mgomba mmoja, waweza kuishinda yote ya jamii yake. Hivyo ulipoingia ugonjwa wa madoa meusi ya majani, uitwao sigatoka, migomba yetu haikuwa na kinga.

Wataalamu nchini Uganda walichukua chavua ya mgomba wa mwitu uitwao Calcutta 4, wakaipandikiza kwenye maua ya migomba ya huku kwetu. Wakachagua na kuchanganya tena kwa miaka mingi. Mwaka 2021 Tanzania ilipitisha aina nne za uzao huo, TARIBAN 1 hadi 4. Ule mgomba usiolika ndio uliotoa kinga.

Mnyauko ni ugonjwa mwingine. Tangu uripotiwe Kagera mwaka 2006, wengi wameng'oa migomba yao kwa machozi. Hauna dawa, twakata ua dume mapema na kuyasafisha mapanga kwa moto. Katika aina zilizopimwa, mojawapo iliyosimama imara ni Musa balbisiana, nayo ni ya mwitu.

Nilipomweleza jirani yangu haya, alinijibu: "Mwalimu, kibanja changu ni kidogo na watoto wanataka kula leo. Nitunze magugu?" Ana haki. Mzigo huu asitwishwe maskini peke yake. Yapasa uchukuliwe na serikali, vituo vya utafiti na wenye nafasi. Lakini hata yeye aweza kuacha shina moja la Nshakara au Enyoya pembeni, asiing'oe migomba yote ya zamani kwa kuwa imekuja mipya. Mipya nayo yaweza kushindwa.

Wengine husema tuhifadhi kwa kuwa kila mmea utatufaa siku moja. Mimi sisemi hivyo. Huenda mingine isitufae kamwe. Nasema kwamba kutokomeza ni hukumu isiyo na rufaa, na sisi tunaoitoa hatujui kesi yote. Mtu asiyejua hapana budi azuie mkono wake.

Basi, kabla ya kuchoma moto kichaka au kung'oa shina la mwisho la babu, tujiulize: nimejua, au nimechoka tu kulitazama?