La Mkuu ni Lipi?

Methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu imehamia katika mimbari za siku hizi, na huko imepewa kazi isiyoifaa. Muumini akiuliza sadaka zimetumikaje, au binti akisita kuolewa na mwanamume ambaye nabii fulani amedai kuonyeshwa katika maono, hujibiwa kwa methali hiyo, nayo hutamkwa kama kufuli la kinywa. Kwa matumizi hayo, mkuu ni yeyote aliyeshika kipaza sauti, na kusikia ni kunyamaza na kutenda. Maana hiyo ni ya kuazimwa, na ina hatari kwa kila Mkristo anayejifunza kuitambua sauti ya Mungu katika maisha yake ya kila siku.

Wanaoifasiri methali kwa namna hiyo wana hoja moja yenye nguvu, nayo ni kwamba kusikia, kwa Kiswahili, mara nyingi ni kutii. Mtoto anayeambiwa kuwa hasikii si kiziwi, bali ni mkaidi. Hata Kiebrania cha Agano la Kale kina kitenzi shama, ambacho hubeba kusikia na kutii kwa pamoja. Hata hivyo, hoja hiyo huishia njiani, kwa kuwa Mswahili husikia pia harufu, baridi na uchungu, tena husema kwamba sikio la kufa halisikii dawa, ilhali dawa haina sauti. Kusikia dawa ni kuipokea mwilini hata ifanye kazi yake. Kwa hiyo kusikia ni kulipokea jambo ndani, likaeleweka, likamgusa mtu na kumgeuza, na utii ni tunda la mapokezi hayo. Mtu anayetenda alichoamriwa bila kukielewa wala kukipima amefuata mkumbo tu, na methali haikumsifu.

Shina la mgogoro, hata hivyo, limo katika silabi moja, yaani la. Silabi hiyo husimama badala ya neno lililodondoshwa, na humtaja mwenye neno, wala si mwenye kulitamka. Neno la mkuu hubaki la mkuu hata likipita katika vinywa kumi, na anayelipeleka ni tarishi, yaani mjumbe asiyeruhusiwa kuongeza wala kupunguza. Kumsikia mkuu, basi, huanza kwa swali ambalo watumishi wengi wa leo hulichukia: je, neno hili ni lake kweli?

Maandiko yanaliweka swali hilo wazi katika kisa cha Samweli na Eli, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 3. Mtoto aliitwa na Mungu usiku, na mara tatu akamkimbilia kuhani, akidhani ameitwa na mzee aliyezoea kumtumikia. Hakukemewa kwa kosa hilo, na hapo pana faraja kwa wanaohangaika leo, kwa maana sauti ya Mungu yaweza kufanana na sauti iliyozoeleka, na kuitofautisha ni elimu inayojengwa polepole. Ukuu wa Eli ulionekana pale alipotambua kwamba anayeita si yeye, akamrudisha mtoto kulala na kumfundisha jinsi ya kumjibu Mwingine. Kulipokucha, aliudai ujumbe wote bila kufichwa kitu, ingawa ulikuwa hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe.

Kinyume cha Eli ni nabii mzee wa Betheli, anayesimuliwa katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 13. Mtu wa Mungu aliyetoka Yuda alikuwa ameagizwa asile mkate wala asinywe maji mahali pale, na asirudi kwa njia aliyoijia. Nabii mzee akamdanganya kwamba malaika amempa neno jingine, naye akamheshimu mzee, akala, na simba akamuua njiani. Aliangamia kwa kumsikia mkubwa wa umri na cheo, huku la Mkuu akilijua tayari. Tanzia ya namna hiyo haikuishia Betheli. Tangu mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, imefukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, wakiwamo watoto wengi, wa kundi ambalo, kwa mujibu wa mashtaka, lilifundishwa kwamba kujinyima chakula hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu.

Kitenzi cha mwisho nacho kina ushahidi wake. Methali husema huvunjika, haisemi huvunjwa. Mkuu hakusimama na rungu akimngoja mkaidi, bali anayaona mashimo ya njia na kuyataja, na asiyesikia huyakuta kwa miguu yake mwenyewe. Anayeigeuza methali kuwa laana amemfanya Mungu mvunja miguu, naye Mungu hupenda watu watembee.

Basi neno litapimwaje? Waberoya, katika Matendo ya Mitume sura ya 17, walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili waone kama aliyoyasema Paulo ni kweli. Ikiwa mtume mwenyewe alipimwa, hakuna mtumishi wa leo aliye juu ya mizani. Walokole, yaani waliookoka wa uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, walizoea kuyaleta maungamo na maamuzi yao mbele ya ndugu, hata shauri la ndoa, ili lisiangaliwe na jicho moja. Ushirika huo nao waweza kugeuka kuwa mzigo, lakini ulijua jambo ambalo zama za unabii wa kutumiwa kwa simu zimelisahau: sauti ya kweli haiogopi kuulizwa.

Kilichobaki ni kazi ya kila siku, nayo haina umaarufu. Ni kusoma Neno kabla ya kufungua simu, kuomba bila kuyajaza maombi yote maneno ya muombaji, kusikiliza karipio la mke, mume au jirani mwenye haki ya kusema, na kutenda lile dogo lililokwisha kueleweka, kama vile kulipa deni au kuomba radhi, kabla ya kutafuta maono mapya. Nao waliopewa jina la wakuu wajipime kwa Eli: kama wanaweza kumwambia mtoto aliyewakimbilia usiku kwamba hawakumwita wao, arudi akalale, na akiitwa tena amjibu Mwenye kuita.