Mwenye Kushika Kana

Kama Koomenjoe alikuwa na akili nyingi hivyo, mbona hakuunda mashua? Swali hili huulizwa na watoto ninaowafundisha Jumapili hapa Nchiru, na si la utundu.

Sisi Wameru husimuliwa kwamba tulitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani, tulikokuwa watumwa wa Nguo Ntune, watu wa mavazi mekundu. Wako wanaosema Mbwaa ni Manda, kule Lamu. Mabwana wale waliwapa wazee wetu mitihani isiyowezekana: toeni tunda katika shimo refu bila kulichoma, leteni ndama anayekunya mavi meupe, fueni mkuki unaofika mbinguni. Mkuki ulipowashinda, wakatoroka usiku. Koomenjoe, kiongozi wao, akayapiga maji kwa fimbo yake, bahari ikaachana. Waliovuka gizani wakawa ukoo wa Njiru, wa alfajiri ukoo wa Ntune, waliovuka jua limetoka ukoo wa Njeru.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Mmethodisti, na zamu ikinifikia huhubiri. Niliwahi kufundisha Lamu, mahali ambapo Mmeru akishuka gatini huulizwa kwanza miraa iko wapi. Sikuwa nayo. Badala yake nilijitia uanafunzi kwa nahodha mmoja wa Shela, mzee wa mashua, ambaye hakuona ajabu mtu wa milimani kutaka kurudi kwenye maji ambayo babu zake waliyakimbia.

Hakunipa usukani. Nilianza kwa kufua maji ya ngama, kisha nikawa mtu wa farumi, yaani kuhamisha magunia ya mchanga kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kila tanga lilipopinduliwa. Baadaye nikakabidhiwa kamba ya demani, mwisho kabisa kana, yaani mpini wa usukani. Wakati wa kusi, kutoka mjini Lamu kwenda Shela upepo unakujia usoni, na chombo hakina njia ila kubisha: unakwenda mshazari kuelekea Manda, unapindua, unarudi mshazari upande wa Lamu, na kila mpinduo unakusogeza mbele kidogo. Upepo unaokuzuia ndio huohuo unaokupeleka. Kwenda magofu ya Takwa ni hesabu nyingine, kwa sababu mkono wa bahari unaopita katika mikoko hauingiliki ila maji yakijaa. Ukichelewa, maji yatakupwea na utalala matopeni pamoja na mbu.

Siku moja tulipokuwa tukibisha nilimwuliza, "Nahodha, kazi yako inaishia wapi na ya Mungu inaanzia wapi?"

"Mwalimu," akasema, "tanga lako linapiga. Vuta demani."

Nilivuta. Swali likabaki nami, nami nimelichukulia jibu lake kwa uzito zaidi kuliko alivyokusudia, nadhani.

Mahubiri mengi hugawa kazi: wewe fanya yako, Mungu atamalizia. Inaonekana ni imani yenye adabu. Lakini ukiichunguza, inamwachia Mungu mabaki tu. Kila mtu anapojifunza jambo jipya, eneo la Mungu linapungua. Mwenye ramani anamhitaji kidogo, mwenye injini anamhitaji kidogo zaidi. Kwa hesabu hiyo abiria mjinga ndiye mcha Mungu kuliko nahodha, na sidhani kuna aliyekaa baharini atakayekubali hivyo. Tukifika Shela, nani angeweza kupima ni pima ngapi zilizotokana na upepo na ngapi na mkono ulioshika kana? Hakuna pima hata moja iliyokuwa ya mmoja wao peke yake.

Matendo ya Mitume, sura ya 27, inasema jambo hilihili kwa kisa. Paulo anapelekwa Rumi akiwa mfungwa, merikebu imeshikwa na tufani, na malaika amekwisha kumwambia kwamba hakuna mtu atakayepotea. Ahadi imetoka. Hata hivyo mabaharia wanapojaribu kutoroka kwa mashua ndogo, Paulo anamwonya akida kwamba hao wasipobaki chomboni, hakuna atakayeokoka. Msomaji mwenye haraka ataona hapo mgongano: kama Mungu ameahidi, mabaharia wa nini? Mimi naona mabaharia walikuwa ndani ya ahadi tangu mwanzo. Mungu hakuahidi uhai wa watu wale kando ya ustadi wa wanaojua kupima kina cha maji na kutupa nanga.

Kuna pingamizi, na ni zito. Manahodha hodari huzama, na wazembe hufika salama wakicheka. Kama kazi haigawanyiki, basi aliyezama amekosa nini? Huenda hakukosa kitu. Anayeshika kana haumiliki upepo wala bamvua, lakini waliopanda chomboni wamemkabidhi roho zao, nazo ni amana. Ataulizwa kuhusu amana ile, hataulizwa kuhusu upepo. Kwa hiyo nahodha wangu alikuwa anasoma dua kabla ya kutweka tanga, na "Mungu akipenda" ilimtoka kila mara. Lakini sikumsikia akiitumia kueleza kamba iliyokatika. Kamba iliyokatika ilikuwa kamba ambayo mtu hakuikagua.

Nao watoto huwajibu hivi. Tunda la shimoni Koomenjoe alilitoa kwa kumwaga maji mpaka likaelea juu lenyewe. Ndama alimlisha vitu vyeupe. Kwa hiyo mtu aliyekuja kugawanya bahari alikuwa tayari anajua jinsi vitu vinavyoelea, na masimulizi yetu hayasemi alipoacha werevu akaanza muujiza. Mashua, nadhani, zilikuwa za mabwana, na mtumwa anayeonekana akiunda chombo hafiki alfajiri. Watoto hawaridhiki wote. Sawa.

Barabara ya Meru kwenda Maua inapita hapa kwetu, na magari ya miraa yanapita kwa kasi ambayo kila mtu anaijua, mengi yakiwa yameandikwa Mungu Mbele. Juzi kanisani mama mmoja alisimama akaomba tumwombee mwanawe aliyekuwa anapakia mzigo aondoke jioni ile. Nikamwuliza mwana amelala lini mara ya mwisho. Mnong'ono ukapita katika viti. Wengine waliona mhubiri anapunguza imani. Mama akafikiri, akasema hajui, labda juzi. Tukaomba, na kabla ya kuimba wimbo wa mwisho alitoka nje kumpigia simu alale kwanza.