Mzee Asiye Mzazi

Mswahili akiulizwa hali ya baba na mama yake hujibu, "Wazee hawajambo." Hapo mzee na mzazi wamekwisha kuwa mtu mmoja. Matumizi haya ni ya adabu, tena ya mapenzi, lakini yanaficha fikra inayostahili kuhojiwa: kwamba haki ya mzee juu yetu inatokana na kutuzaa na kutulea. Ni deni, na mtoto ndiye mdaiwa.

Deni hili sisi tulio ughaibuni twalijua sana. Kila mwisho wa mwezi fedha hutumwa nyumbani pamoja na maelekezo yake: hizi za dawa, hizi za umeme, hizi za msichana wa kazi. Ni wema usiokanika. Je, yule ambaye hakujaaliwa mtoto, au aliyewazika wote aliowazaa? Kwa kanuni ya deni hamdai mtu yeyote. Limebaki kwake fungu la sadaka, apewe akikumbukwa.

Mwezi Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la, awe tajiri au fukara. Hakuna anayeulizwa ana watoto wangapi. Tuipime na Uingereza, ambayo sheria yake ya mwaka 1908 nayo ilianzia umri huohuo wa miaka 70, na malipo ya kwanza yakatolewa Januari 1909, yasiyozidi shilingi 5 kwa wiki. Lakini kule mzee alitakiwa kuwa na kipato kidogo na mwenendo mwema. Aliyejulikana kuwa na mazoea ya kukwepa kazi angeweza kunyimwa. Umri mmoja, maswali mbalimbali. Uingereza ilimuuliza mzee kama anastahili. Zanzibar ilitosheka kujua kwamba amezeeka.

Ilisemwa kwamba 20,000 hizo za mwanzo hazitoshi, na ilikuwa kweli. Husemwa pia kwamba serikali ikilipa, watoto watalegea. Hofu hii naiona ndogo kuliko inavyotangazwa, kwani mtoto anayetafuta kisingizio hakosi. Linalonishughulisha zaidi ni kile ambacho fedha isiyo na maelekezo humfanyia mwenye nayo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuzeeka kwa afya, si kama kukosa maradhi, bali kama uwezo wa mtu kuwa na kutenda yale anayoyathamini. Na mzee wa kwetu anathamini nini? Nadhani, kabla ya mengi mengine, kutoa: kumkirimu mgeni chai, kumpa mjukuu ya peremende, kutia mkono katika mchango wa jirani. Fedha ya dawa humrefushia umri, wala si jambo dogo. Ila mzee ambaye kila senti yake imekwisha pangiwa kazi na mtu aliye mbali amegeuzwa kuwa mpokeaji mtupu, hata kama anaamkiwa shikamoo mchana kutwa.

Kwa ajuza asiye na mtoto tofauti hii ni kubwa zaidi. Akiweza kutoa elfu mbili yake kwenye msiba wa jirani, jina lake huandikwa daftarini pamoja na majina ya wengine. Siku zamu yake itakapofika, daftari hilo litafunguliwa, na watu watajua wanachomwia.