Kabla ya Kupaza Sauti ya “Mwizi!”

Anayemwona mtu akificha kopo la maziwa ya unga ndani ya kanga dukani ana wajibu wa pande mbili: kwa mwenye mali na kwa uhai wa anayeiba. Kunyamaza hakutimizi wajibu wa kwanza, maana mwenye duka la mtaani huishi kwa faida ndogo. Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim inamtaka muumini auondoe uovu kwa mkono, akishindwa kwa ulimi, akishindwa auchukie moyoni. Lakini kuondoa uovu si kuuzidisha. Katika miji yetu, ukelele mmoja wa “Mwizi!” umewahi kuleta mawe, tairi na petroli. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Umati hauthibitishi chochote. Basi msogelee, umwambie kwa upole, “Dada, rudisha.” Akikaidi, mweleze mwenye duka faraghani, naye aamue kusamehe au kuita polisi.

Wapo watakaosema upole huzaa wezi. Lakini mwizi huogopa kuonekana kuliko anavyoogopa adhabu ya mbali, na aliyeambiwa “rudisha” anajua ameonekana. Wengine watasema mwenye njaa aachwe. Kweli, njaa hupunguza lawama. Khalifa Umar husimuliwa kuwa alisitisha adhabu ya wizi mwaka wa ukame. Hata hivyo, shahidi hana ruhusa ya kugawa mali isiyo yake. Akiguswa, alilipie kopo hilo yeye mwenyewe: huruma hutoka mfukoni mwa anayehurumia.