JIWE LA SISYPHUS

Ndugu zetu Waislamu, Albert Camus, mwandishi Mfaransa aliyezaliwa Aljeria mwaka 1913, alitoa kitabu mwaka 1942 juu ya Sisyphus, mtu wa hekaya za Kiyunani aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani. Kila likifika kileleni huporomoka, naye huanza tena. Camus alisema dunia haimjibu aulizaye maana ya maisha. Lakini alikataa mtu kujiua, akamtaka aione furaha katika juhudi yake.

Sisi hatukubali kuwa hakuna jibu. Qur'ani, katika Suratul-Muuminun, yatuuliza kama twadhani tumeumbwa bure. Lakini tusimcheke. Wangapi kwetu hufungua duka, hufunga, hulala, na hata sala zao ni jiwe lisukumwalo kwa mazoea? Yeye aliuliza, sisi twalijua jibu wala hatuliishi.

Imamu Ghazali aliacha kiti cha ualimu Baghdad mwaka 1095, alipoona kuwa nia yake katika kusomesha ilikuwa jaha, si Mwenyezi Mungu. Basi na tujiulize usiku wa leo: jiwe hili twalisukuma kwa ajili ya nani? Nia ikitengenea, kazi ile ile huwa ibada.

Wabillahi tawfiq.